Nilimfuata Mbwa Wetu Hadi Mlangoni kwa Mwanamke Yule

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya mji wa Kilosa. Peke yangu... wakati mume wangu yu hai, ana afya yake, na makao yake ni Mikumi, mahali ambapo treni hufika siku hiyo hiyo! Majirani hunihurumia. Hudhani nilionewa. Nami kwa miaka yote hii nimewaacha wadhani hivyo, kwa kuwa huruma ya watu ni tamu ukishaizoea.

Wasomaji wenzangu, sikuonewa. Mimi ndiye niliyeonea. Na aliyenionyesha njia ya kufanya uovu wangu alikuwa mbwa.

Mume wangu, Baba Anna, ni seremala. Wakati barabara kuu ilipokuwa ikijengwa kupita Mikumi, alifanya kazi kwenye kambi ya wajenzi, akichonga mbao za madaraja. Mzungu mmoja fundi alipomaliza mkataba wake akamwachia mtoto wa mbwa. Yule mtoto alikua, akakua, mpaka akisimama kwa miguu ya nyuma mikono yake inafika mabegani mwa mtu mzima. Tulimwita Bosi. Kichwa kikubwa, manyoya ya rangi ya kahawia, sauti ya kutisha... lakini moyo wake ulikuwa wa maziwa. Hakupata kumuuma hata panya. Mgeni akija, Bosi humpokea kabla yetu, na kumlamba, na kumsindikiza mpaka njia panda wakati wa kuondoka. Binti yetu Anna alijifunza kutembea kwa kushika mkia wake.

Kisha tukahamia kijijini.

Nyote mnakumbuka siku zile za kuhamia vijiji vipya. Sisi tulipangiwa kijiji upande wa Chanzuru, nyumba kwa mistari, mlango wa huyu unatazamana na mlango wa yule. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikipenda kijiji kile tangu siku ya kwanza. Niliingia kamati ya akina mama, nikaimba kwenye mikutano, nikapita nyumba hadi nyumba kuhimiza shamba la pamoja. Midomo haikunisinzia. Jambo likitajwa kisimani asubuhi, mchana nimeshalifikisha mwisho wa mstari. Watu walicheka wakisema Mama Anna hana kifua. Nami nilicheka nao! Sikujua kwamba kuna siku sentensi hiyo itanichoma.

Mama yangu mzazi hakuja nasi. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, mtu wa kuja kutoka mbali, na alifia kambini kwenye shamba la zamani la mkonge upande wa Rudewa, akazikwa huko huko. Mama alibaki akiishi kwenye chumba chao cha kambi hata baada ya shamba kufungwa na watu kutawanyika. Alipoambiwa ahamie kijijini, alisema yeye ni Mvidunda, atapanda kwao milimani akakae na kaka yake. Nilimpeleka mwenyewe stesheni ya Kilosa. Nilimpandisha treni na kikapu chake na kuku wawili. Alinipungia mkono dirishani mpaka treni ikakata kona.

Basi. Nikarudi kijijini kwenye mikutano yangu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Kwa miezi minane sikutuma hata salamu Vidunda kuuliza hali ya mama yangu.

Nilikuwa na shughuli nyingine. Nilikuwa namchunguza mume wangu.

Ilianza kwa shati. Kila Jumamosi Baba Anna alisema anakwenda kutafuta mti mzuri wa kuchonga. Sawa, seremala lazima atafute miti. Lakini kwa nini avae shati lake jeupe la kanisani? Kwa nini aoge kwanza, na kunyoa ndevu? Mti gani huo unaotaka kuonana na mtu aliyenyoa? Alichukua panga, begani akaweka mfuko wa turubai, akapiga mluzi, Bosi akamfuata wakirukaruka wote wawili kwa furaha. Alirudi jioni bila mti.

Nikaanza kufungua mfuko ule. Mara nikakuta unga uliomwagika pembeni. Mara nikasikia harufu ya sabuni, na wakati huo sabuni ilikuwa adimu kama dawa! Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, akajibu kwa kuzungukazunguka. Wote wawili tulikuwa tunazunguka kisima, hakuna aliyechungulia ndani.

Halafu zikaja kanga. Duka la kijiji lilipata kanga chache, tukapiga kura, na kura ikamwangukia mume wangu. Nilimwona kwa macho yangu akipokea doti moja, nyekundu yenye korosho nyeupe. Moyo wangu uliruka. Nikarudi nyumbani nikapika wali, nikasubiri kuvishwa... Alikula wali wangu, akanishukuru, akalala. Jumamosi ile kanga iliondoka ndani ya mfuko wa turubai.

Niambieni, dada zangu, ningefikiri nini?

Wakati huo huo Bosi alipata kesi. Kijiji kile, wengi wa majirani zetu walikuwa Waislamu, watu wazuri mno, lakini chungu kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Bosi alilamba vyungu vya mstari mzima. Milango ilikuwa wazi, naye alijiona ni mgeni wa kila nyumba. Mwisho kabisa, Ijumaa moja, akamlaki shehe njiani akiwa na kanzu iliyonyooka, anakwenda kuswalisha. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akamwekea mikono kifuani na kumbusu uso mzima! Shehe alirudi kuoga. Watu walichelewa kuswali.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Salum, alikuja kwetu kwa upole. Alisema hakuna anayemchukia mbwa yule, ila atafutiwe makao mengine kabla ya Ijumaa mbili, la sivyo kijiji kitaomba apigwe risasi.

Anna alilia mpaka akashikwa na homa. Mume wangu akaanza kuzunguka na Bosi kama baba anayemtafutia mtoto shule. Mtu mmoja wa Rudewa aliyekuwa akiwinda nguruwe mwitu alimchukua kwa majaribio, akamrudisha baada ya siku tatu. Alisema Bosi alimwona nguruwe akalala chali kutaka kukunwa tumbo. Mfugaji mmoja wa huko huko naye akamjaribu kulinda zizi. Asubuhi alimkuta kalala katikati ya ndama, nao wanamlamba masikio. Alirudishwa.

Zikabaki siku nne. Ndipo Baba Anna akasema, bila kunitazama, kwamba amempatia Bosi makao Mikumi, kwa rafiki yake Tomasi wa kituo cha mafuta, waliyefanya naye kazi kambini.

Mikumi! Kwa nini hakusema Mikumi tangu mwanzo? Kwa nini aliwahangaikia wawinda nguruwe wakati rafiki alikuwepo? Nilimwangalia tu. Alfajiri akavaa shati jeupe, akamfunga Bosi kamba, Anna akamkumbatia mbwa wake shingoni, wakaondoka. Saa nane mchana mume wangu alikuwa amesharudi!

Wasomaji, hakuna treni iliyoweza kwenda Mikumi na kurudi kabla ya saa nane mchana. Nilipomuuliza, alisema amemkabidhi kwa dereva wa lori. Lori la nani? La mtu wa Tomasi. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko kelele zangu zote.

Wiki ya pili nikamwambia nampeleka Anna hospitali Kilosa. Nikamwacha Anna kwa rafiki yangu karibu na stesheni, nikapanda treni kwenda Mikumi. Nilimkuta Tomasi kituoni pale akifuta kioo cha basi. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Nikamwambia nimekuja kumwona Bosi, maana mtoto anamlilia.

Kitambaa kilimwanguka mkononi.

"Bosi... yuko shamba, shemeji," alisema.

"Shamba lipi? Nitakwenda kwa miguu."

Alikiinamia kile kitambaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota kitambaa. Aliponyanyuka hakuwa na uso wa kudanganya tena.

"Shemeji, nenda kamuulize mwenzako. Muulize vizuri, atakuambia."

Hayo ndiyo maneno ya busara kuliko yote niliyopewa katika maisha yangu, na nilipewa bure na kikombe cha chai. Lakini mimi nilisikia nini? Nilisikia kwamba mwanamke yupo, na kwamba Tomasi anamjua! Nilirudi kwenye treni ile nikitazama mashamba yakipita, nikimchora yule mwanamke. Nilimpa sura. Nilimpa umri mdogo kuliko wangu. Nilimvika kanga nyekundu ya korosho, na nikamweka Bosi miguuni pake, mbwa wa mwanangu!

Siku chache baadaye, asubuhi, mume wangu akiwa kwenye karakana ya kijiji aliyoisimamia, Bosi alitokea mwenyewe. Alikuja akikimbia kwa miguu mitatu, ule wa nne umefungwa kitambaa. Alinirukia, akanilamba, akalia kwa furaha. Nilimkagua. Alikuwa ameshiba. Kupe wote walikuwa wametolewa, hata ndani ya masikio. Na kile kitambaa kwenye mguu... kilikuwa kipande cha kanga nyekundu, na korosho nyeupe moja na nusu.

Ningeweza kwenda karakana. Ni hatua mia mbili tu. Ningeweza kumwonyesha kile kitambaa nikasema, Baba Anna, hii nini? Badala yake nilikwenda kwa balozi.

Hapa ndipo ninapoona haya kuliko pote. Sikumwambia Mzee Salum kwamba mume wangu ana hawara. Nilijua angenicheka na kuniambia nikatulie nyumbani. Nilikaa kwenye mikutano ya kutosha kujua ni neno gani linalouma. Nikamwambia kwamba Baba Anna amemficha mtu porini, mtu aliyekataa kuhamia kijijini, na anamlisha kwa chakula cha kijiji.

Mzee Salum aliweka chini kofia aliyokuwa akiishona. "Una hakika, Mama Anna? Maneno haya yakitoka hapa mlangoni hayarudi."

Nilisema nina hakika. Nilisema ushahidi uko nje, una mkia.

Saa hiyo hiyo wakaitwa vijana wanne na trekta la kijiji, naye balozi akafuatana nasi. Nikamfungua Bosi kamba, na kile kitambaa cha mguuni. Nilimwambia, nenda kwenu Bosi, nenda! Naye masikini alidhani ni matembezi. Alitangulia akichechemea, akarudi kunilamba mkono, akatangulia tena. Kila penye njia panda alituchagulia njia bila hata kunusa. Nilitembea mbele ya wanaume wale kichwa juu, na kitambaa nimekishika ngumini.

Alituingiza kwenye mkonge wa zamani. Majani yalikuwa yameota ovyo, milingoti ya maua yake imesimama juu mikavu. Nilipotambua kwamba tunaelekea kambini, mahali nilipozaliwa, hasira ikazidi. Mwanamke gani huyu asiye na haya, anayemlaza mume wangu karibu na kaburi la baba yangu! Hilo ndilo nililofikiri. Wallahi, ingawa mimi ni Mkristo, naapa kwa kiapo cha majirani zangu, hakuna wazo lingine lililonijia.

Na kwa nini lisinijie? Nitawaeleza. Kwetu mkwe na mama mkwe hukwepana. Mwanamume haingii nyumbani kwa mama wa mkewe, hali naye, hamtazami usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Kwa hiyo katika wanawake wote wa dunia hii niliowatuhumu juu ya mume wangu, na niliwatuhumu hata waliokuwa wajawazito, kulikuwa na mmoja tu ambaye nisingeweza kumfikiria.

Vyumba vya kambi vilikuwa vimebaki kuta tupu, isipokuwa kimoja cha mwisho kilichoezekwa nyasi mpya. Moshi ulikuwa unatoka. Bosi akakimbia, akasukuma mlango kwa kichwa, akaingia kama mtu anayerudi kwake.

Nikapiga kelele. "Toka nje tukuone!"

Akatoka mama yangu.

Alikuwa amejifunga kanga nyekundu yenye korosho, na pembe moja imechanwa. Mkononi alikuwa na mwiko. Alinitazama, akatazama vijana, akatazama trekta.  Alielewa yote kwa mara moja, kama wazazi wanavyoelewa. Mzee Salum, mtu mzima yule, aligeuka akatazama mkonge.

Niliyajua baadaye, mume wangu alipohojiwa mkutanoni, yaliyokuwa yamefichwa. Mama alishuka stesheni ya pili siku ile ile aliyonipungia mkono, akarudi kwa miguu, kwa kuwa hakuweza kuliacha kaburi la mumewe. Baba Anna aligundua alipokuwa akitafuta miti kweli. Tangu hapo alimpelekea chakula kila Jumamosi. Kwa heshima ya ukwe aliishia kwenye mstari wa mwisho wa mkonge, anasalimia kwa sauti akiwa ameupa mlango mgongo, anamfunga Bosi kifurushi shingoni, na Bosi anakifikisha. Ndiyo maana mbwa alijua njia. Ndiyo maana ya kuoga, na kunyoa, na shati jeupe... alivaa kwa ajili ya mkwe ambaye asingemtazama hata kwa nyuma! Na Bosi alipotakiwa kuondoka, alimpeleka huko akawe mwenzi wa bibi yake. Kwanza aliwajaribu wengine, akiogopa kwamba mbwa yule atarudi kwetu siku moja na kuwaleta watu. Aliogopa kweli kweli, na ndivyo ilivyokuwa.

Kwa nini hakuniambia? Mama alimwapisha. Alisema, mwanangu nampenda, lakini hana kifua.

Nilijitupa miguuni pa Mzee Salum nikimsihi waache, wageuze, waseme hawakuona kitu. Aliniambia taratibu kwamba vijana wanne wameona, na aliyewaleta ni mimi. Nyasi za paa zikavutwa, chumba kikaachwa wazi. Mama aliomba aende kwanza kaburini. Alikaa huko kidogo, akarudi, akapanda tela mwenyewe na kikapu chake. Bosi alitufuata nyuma hadi kijijini akitikisa mkia.

Mama hakuweza kulala chini ya dari la mkwe wake, ni mwiko. Mzee Salum alimpa jiko la nje kwake. Huyo huyo ambaye vyungu vyake vililambwa! Nilikwenda kila siku, nikakaa mlangoni, nikalia. Hakunifukuza, hakunisemesha. Siku ya tano ndipo aliponiambia neno, akiwa anachambua mchicha.

"Ungekuja peke yako, ningekupikia."

Akaendelea na mchicha wake. Alizidi kudhoofika, si kwa ugonjwa wenye jina. Masika yalipoanza tu, akafariki. Alikuwa ameomba alazwe kambini kando ya baba, lakini mvua za kwanza zilikuwa zimekata njia, na trekta halikupita. Kaburi la kwanza la kijiji chetu kipya ni la mama yangu.

Mume wangu alisimamishwa mbele ya mkutano, akaulizwa, akakiri, akavuliwa usimamizi wa karakana. Hakusema nani alimponza. Jeneza alilitengeneza yeye, akalipiga randa mpaka likawa laini kama meza ya altare, na siku ya mazishi alisimama mbali, kama mkwe anavyopaswa. Nilingoja anipige, anitukane. Laiti angenitukana! Baada ya arobaini aliniuliza jambo moja tu, kwa nini sikumuuliza.  Akachukua vyombo vyake vya useremala na mbwa wake, ambaye Ijumaa zake zilikuwa zimepita zamani na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumdai, akapanda treni. Kwa hiyo Bosi aliishia Mikumi kweli. Uongo wa mume wangu niliugeuza mimi kuwa ukweli.

Hakunitaliki. Huleta mahitaji ya Anna, na Anna humtembelea kila likizo. Mimi nilikwenda mara moja tu, miaka minne baadaye. Nilimkuta anachonga dirisha nje ya nyumba yake. Bosi alikuwa amelala kwenye maranda, mdomo umekuwa mweupe, macho yameingia ukungu. Nilisimama mbali, nikaogopa hata kubisha hodi. Mbwa alinusa hewa. Akainuka kwa shida, mguu baada ya mguu, akanijia, akanilamba ule mkono... mkono ule ule ulioshika kitambaa!

Nilipiga magoti nikamkumbatia, nikalia mbele za watu. Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa ameacha randa anatutazama. Nikadhani, labda... labda leo.

"Huyo hana kinyongo," alisema taratibu. "Mimi ni binadamu."

Akarudia dirisha lake. Nikapanda treni ya jioni.

Wasomaji wenzangu, wanawake na wanaume, sikatazi mtu kuwa na wivu, hata moto wa jikoni una kazi yake. Lakini mkiona shati jeupe siku isiyo ya kanisa, mkiona kanga imepita mlango wenu, msiende kwa balozi, wala kwa jirani, wala kwenye mkutano. Nawasihi! Mimi nilikuwa na ushahidi wote wa dunia, mfuko, kanga, treni, Tomasi, mpaka mbwa, na kila ushahidi ulikuwa wa kweli, na nilikosea. Zile hatua mia mbili za karakana zinanisumbua hadi leo, huzitembea kichwani kila ninapochambua mchicha. Zitembeeni nyinyi. Nendeni peke yenu, mkaulize.

Mama Anna, Kilosa